Hondohondo Hubeba Maneno, Habebi Shimo

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitikia vizuri. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Aliyeshiba ajinyooshe, aliye na simu aifunike kifudifudi. Ngano hii ni ya wakubwa na wadogo, na hasa ni ya yule anayeandika "nisaidieni" kwenye simu, kisha ananuna kwa sababu hakujibiwa. Sitamtaja. Anajijua.

Hapo zamani za kale, mchwa walikuwa mafundi wa wanyama wote. Mnyama akitaka ukuta, huwaendea mchwa. Akitaka ghala, huwaendea mchwa. Huwapelekea gogo kavu, wakala, wakajenga. Na udongo wa mchwa, ukishakandwa kwa mate yao na kukauka, ni jiwe.

Lakini mchwa walikuwa na desturi yao. Mchwa hana macho. Mchwa hakisii. Mchwa hakuulizi, "Ulikuwa na maana gani?" Unampa agizo neno baada ya neno, naye analitenda neno baada ya neno. Ulichosahau kukisema, yeye hakijui. Mwenye shida alikwenda kichuguuni alfajiri, kabla jua halijachoma, akasema agizo lake. Nao huitikia wote kwa pamoja:

"Umesema, tumesikia.
Hukusema, hatukusikia."

Wakishaitikia hivyo, wameziba masikio. Piga kelele, lia, tukana. Hawasikii neno lingine mpaka alfajiri ya kesho.

Katika nchi hiyo aliishi Ngiri, mama wa watoto watatu. Shimo lake lilikuwa mteremkoni. Mteremko ni mzuri kwa kumwona chui, ni mbaya kwa maji. Mwaka uliotangulia watoto walikuwa wanne. Masika yakaja, maji yakashuka, yakaingia shimoni. Wakabaki watatu. Ngiri hakupenda kulisimulia hilo, nami sitalivuta. Ila lazima mlijue, kwa sababu ndilo lililomwamsha kila alfajiri.

Alitaka tuta. Tuta tu, mbele ya mlango, la kufika magotini mwake. Maji yakishuka yagonge tuta, yageukie pembeni. Mwaka ule wa msiba alilijenga mwenyewe kwa pua, na maji yakalipita kama uji. Safari hii alitaka tuta la mchwa. Na mawingu yalikwisha kuanza kukaa juu ya vilima. Mvua ilikuwa mbali siku kumi, si zaidi.

Sasa, Ngiri hakuwahi kuwaagiza mchwa. Alfajiri moja akamtegea sikio jirani yake, Nguchiro. Akamsikia akisema kichuguuni:

"Bebeni udongo. Wekeni mlangoni. Rudieni."

Mchwa wakaenda. Kazi ikafanyika, Nguchiro akarudi kwake anapiga mluzi.

"Kumbe ni maneno matano tu!" Ngiri akajisemea. "Na wanavyojitia kujua!"

Kesho yake akaburuta gogo toka mlangoni pake mpaka kichuguuni, ili mchwa wafuate harufu. Akasema vile vile alivyosikia. Mchwa wakaitikia. Wakatoka, safu ndefu, kila mmoja na tonge lake.

Tonge, mate, weka. Tonge, mate, weka. Tonge, mate, weka.

Ngiri akaenda zake kuchimba mizizi. Aliporudi, hakukuta tuta. Hakukuta na mlango. Kulikuwa na ukuta kuanzia chini mpaka juu, laini, umesawazishwa vizuri kabisa. Watoto walikuwa ndani. Aliwasikia wakilia kwa mbali, kama wamefunikwa na chungu.

Akaupiga kwa meno. Pu! Pu! Pu! Mpaka ukapasuka, nao wakatoka mmoja mmoja, vumbi tupu.

Siku ya pili akasema labda mchwa hawakusikia vizuri. Akarudia agizo lile lile, kwa sauti kubwa zaidi.

Tonge, mate, weka. Mlango ukazibwa vile vile.

Akajaribu kuvunja sehemu ya juu tu, ili chini pabaki pawe tuta. Wapi! Udongo wa mchwa ukikauka ni kitu kimoja. Ukipiga juu, na chini panameguka. Akajaribu kuyasukuma matonge kabla hayajakauka, mchwa askari wakamwuma pua ikavimba. Siku ya tatu jino lake la kulia likapata ufa. Hapo akasema, "Basi. Nitauliza."

Na kuuliza kulikuwa na njia yake. Ng'ambo ya mto palikuwa na jabali kubwa. Wanyama wanaowajua mchwa walipenda kuota jua pale asubuhi, wakizungumza habari za kuta na maghala. Nungunungu alikuwa hapo, aliyechimba na kujenga maisha yake yote. Tumbili alikuwa hapo pia, ingawa hakuna aliyewahi kuona ukuta wake. Mtu wa mbali akiwa na swali, alimpa Hondohondo. Hondohondo huruka mpaka Jabalini, hulitangaza swali, hungoja, hurudi na majibu. Hakuna aliyelazimishwa kujibu. Anayejua alijibu kwa hiari yake, kisha akaenda kwenye shughuli zake.

Ngiri akamwita Hondohondo.

"Beba hili," akasema. "Nisaidieni jamani! Mchwa hawafanyi kazi! Haraka! Nina watoto!"

"Hayo tu?"

"Hayo hayatoshi?"

Hondohondo hakubishana. Akaruka. Hondo! Hondo! Hondo! Jua likapanda. Akarudi.

"Wamesemaje?"

"Nungunungu hakusema kitu. Tumbili amesema, 'Wa kwangu wanafanya.'"

"Wa kwake nini?"

"Mchwa. Amesema mchwa wa kwake wanafanya kazi."

Ngiri akatema mate. Akamrudisha na maneno yale yale. Akamrudisha tena mara ya tatu, na safari hiyo akaongeza: "Mna roho mbaya nyote." Hondohondo alirudi mabawa yamelegea, lakini amebeba kitu.

"Nungunungu anauliza: Ulitaka nini? Ulisema nini? Kimetokea nini?"

Ngiri akapandisha mkia. "Ananihoji kama mwizi wa viazi! Nimemwambia nina watoto. Nimemwambia haraka. Anataka nini tena?"

"Mama Ngiri, kuhusu mchwa hujamwambia hata neno moja."

"Mwambie basi, nimewaambia wajenge tuta mlangoni, lifike magotini, waache. Badala yake wanaziba mlango wote. Na kama anajua sana, aje anijengee yeye!"

Hondohondo akaenda, akarudi jua likiwa la saa tisa.

"Nungunungu anasema: Nina shimo langu. Agizo hilo ni zima. Kama ulisema hivyo na mlango umezibwa, basi si agizo, ni udongo. Udongo wako huenda ni mfinyanzi, unavimba. Changanya na mchanga."

Ngiri hakukumbuka kujiuliza kama kweli alisema hivyo. Wala hakudanganya kwa kusudi. Alitaka tuta la magotini, akaliwaza tuta la magotini, akaliota, mpaka akaona amelisema. Akashuka mtoni. Siku mbili nzima alibeba mchanga kwa pua, mteremko juu, mteremko chini, watoto wakimfuata kwa njaa. Akaumwaga karibu na kichuguu. Alfajiri akasema agizo lake la maneno matano.

Tonge, mate, weka.

Mlango ukazibwa. Safari hii kwa udongo wenye mchanga, mgumu kuliko wa kwanza.

Zilibaki siku nne. Upepo ulianza kunuka mvua.

"Kamwambie Nungunungu," Ngiri akafoka, "kwamba mchanga wake ale mwenyewe!"

Hondohondo akabeba hilo pia. Alirudi upesi.

"Nungunungu amenyamaza. Lakini Tumbili amejibu."

"Amesema 'wa kwangu wanafanya'?"

"La. Amesema: Pole sana dada yangu. Wanyama wa hapa ni wakali, usiwajali. Agizo ni rahisi. Waambie mchwa: Guseni udongo. Ondoeni udongo. Rudieni."

Ngiri akashusha pumzi. Jibu lenye "pole" ndani yake! Lilimwingia kama uji wa moto tumboni.

"Huyo ndiye mtu," akasema. "Huyo ana utu."

Kesho yake alfajiri akasema kichuguuni kama alivyoambiwa. Mchwa wakaitikia: "Umesema, tumesikia. Hukusema, hatukusikia." Wakatoka. Ngiri akawaona wakianza kuula ukuta uliozibwa, na moyo wake ukatulia. Watoto walikuwa bado wamelala ndani, maana ukuta wa mchanga ulilishinda jino lake, jana yake akawatobolea tundu la kupumulia tu. Akaenda hatua chache tu kuchimba kiazi mwitu.

Ukuta ukaisha. Mchwa hawakuacha. Wakagusa kizingiti: ni udongo. Wakakiondoa. Wakagusa kuta za shimo: ni udongo. Wakagusa dari. Na dari ya shimo ni nini? Ni udongo.

Kwanza Ngiri alisikia punje zikidondoka. Taka. Taka taka. Taka taka taka. Akainua kichwa, akakimbia mkia wima.

"Tokeni! Mkubwa, mvute mwenzako! Tokeni!"

Mkubwa akatoka. Wa pili akatoka. Kitinda mimba hakutoka. Sasa, ngiri huingia shimoni kinyumenyume, meno yakitazama nje, ili akivamiwa na adui awe tayari. Siku hiyo aliingia kichwa mbele. Alimkuta mtoto amebanwa na donge mguuni, akamshika sikio kwa meno, akavuta. Mtoto akapiga yowe. Akavuta tena. Wakatoka wote wawili, na nyuma yao:

Ndi!

Nusu ya shimo ikakaa chini. Mteremko mzima ukafuka vumbi. Na mchwa? Waliendelea kugusa na kuondoa mpaka jua lilipochoma, wakarudi kwao, hawana habari na mtu.

Ngiri alikaa juu ya kifusi. Sikio la kitinda mimba lilikuwa linavuja damu. Hondohondo akatua juu ya mti mkavu, akatazama.

"Tumbili alikuwa na maana ya kuniua?" Ngiri akauliza.

"Sijui maana yake. Alipomaliza kusema, alicheka."

"Alicheka! Na hukuniambia?"

"Kicheko si maneno. Sikibebi. Hata Nungunungu, alipokuuliza yale maswali matatu, alikuwa anatafuna mizizi, amejilaza, hana ubaya wowote. Wewe ulisikia ukali. Ukali huo sikuubeba mimi, uliutia mwenyewe."

Ngiri akavimba. "Basi beba hili: Nyote ni wauaji."

"Nitalibeba. Mimi hubeba lolote. Lakini niambie kwanza, mama, hilo litajenga tuta?"

Nzi walikuwa wamelivamia sikio la mtoto, Ngiri akawapiga kwa mkia.

"Sikiliza," Hondohondo akasema. "Mabawa yangu yanauma, nitasema mara moja. Mimi hubeba maneno, sibebi shimo. Kule Jabalini hawalioni shimo lako. Hawawaoni watoto. Hawaoni jino lako lenye ufa. Wanachokiona ni nilichowabebea mimi, na nilichowabebea mimi ni ulichonipa wewe. Umenipa kilio, nikawapelekea kilio. Umenipa matusi, nikawapelekea matusi. Nungunungu amekuuliza mambo matatu. Ulitaka nini?"

"Tuta la magotini."

"Ulisema nini?"

"Nimewaambia wajenge tuta..."

"Ulisema hivyo wapi? Kichuguuni?"

"Ndiyo, kichu..." Ngiri akasita.

Akanyanyuka. Akaenda mpaka kichuguuni, kulekule anakosimama kila alfajiri. Ili asikie vizuri kinachotoka kinywani mwake, akapiga magoti, mdomo ukakaribia udongo. Mchwa walikwisha ziba masikio, lakini yeye hakuwa anasema nao. Alikuwa anajisikiliza mwenyewe. Akasema polepole, neno kwa neno:

"Bebeni udongo. Wekeni mlangoni. Rudieni."

Akasema tena. Kisha akauliza, "Magotini nimelisema wapi?"

Hakulisema.

"Tuta nimelisema wapi?"

Hakulisema.

"Acheni nimelisema wapi?"

Hakulisema. Hukusema, hatukusikia. Mchwa walimwambia hivyo kila siku, uso kwa uso, naye alidhani ni salamu tu.

Akalitazama na agizo la Tumbili. Guseni, ondoeni, rudieni. Nalo lilikuwa na "rudieni", nalo halikuwa na "acheni". Lile la kwanza lingejenga mpaka dunia iishe. Hili la pili lingebomoa mpaka dunia iishe.

"Nimekuwa mjinga," Ngiri akasema.

"Hukujua," Hondohondo akasema. "Kutojua si ujinga. Sasa nibebe nini?"

"Usibebe kitu. Kesho nijaribu kwanza."

Watoto walilala chini ya kichaka, yeye amewazunguka. Alfajiri, zikiwa zimebaki siku mbili, akapiga magoti tena, akawaambia mchwa: "Bebeni udongo. Wekeni mlangoni. Rudieni. Tuta likifika magotini mwangu, acheni." Mchwa wakaitikia, wakatoka. Ngiri akasimama pembeni, goti lake kalisogeza kabisa, walione.

Tonge, mate, weka. Tuta likafika magotini. Tonge, mate, weka. Likapita magoti. Tonge, mate, weka. Mlango ukazibwa.

Lakini safari hii Ngiri hakulia wala hakutukana. Hakukuwa na mtoto ndani. Akakaa, akapanga maneno yake chini kwa kokoto, moja moja, asisahau. Kisha akamwita Hondohondo.

"Beba hili kama lilivyo," akasema. "Mimi ni Ngiri wa mteremkoni. Ni mara yangu ya kwanza kuwaagiza mchwa. Nataka tuta mbele ya mlango, lifike magotini mwangu, mvua isiingie. Siku zilizopita niliwaambia nimesema hivyo kwa mchwa. Sikusema hivyo. Nilisema: Bebeni udongo, wekeni mlangoni, rudieni. Wakaziba mlango. Nikaona hakuna neno la kuwaacha. Leo nimeongeza: Tuta likifika magotini mwangu, acheni. Hawakuacha. Goti langu lilikuwa pale pale. Sijui kwa nini hawakuliona. Nungunungu, ule mchanga, nisamehe. Ulijibu nilichokuambia."

Hondohondo akatikisa mabawa. "Hilo ni zito," akasema, "lakini linabebeka."

Akaruka. Ngiri alijua itachukua mpaka jioni. Akaanza kuvunja ukuta. Pu! Pu! Hajafika nusu, akasikia: Hondo! Hondo!

"Umesahau kitu?"

"Nimekwenda na nimerudi. Sikumaliza hata kusema. Nilipofika pa 'hawakuliona', Nungunungu akacheka. Nilimwomba aseme kicheko chake ni cha nini, nikibebe. Akasema ni cha furaha, maana swali hilo lina kichwa na miguu."

"Na jibu?"

"Kijiti."

"Kijiti nini?"

"Jibu ndilo hilo. Kijiti. Baadaye akaongeza, kwa ajili ya wasiojua: Mwanzo nilidhani kijiti unacho. Mchwa hana macho. Goti lako kwake halipo. Mchwa hugusa. Chomeka kijiti mlangoni, kimo cha goti. Kila tonge waguse kijiti. Wakikigusa, waendelee. Kikizama wasikiguse, waache."

Ngiri akacheka peke yake. Siku nane za kuhangaika, na jibu lilikuwa kijiti! Lakini jibu hilo lisingeweza kuja siku ya kwanza. Siku ya kwanza hakukuwa na swali.

Alfajiri ya siku ya mwisho ilikuwa nyeusi kwa mawingu. Ngiri alikuwa amechomeka kijiti cha mkole mbele ya mlango, akakipima kwa goti lake mara tatu. Akaenda kichuguuni, akapiga magoti, akasema:

"Bebeni udongo. Guseni kijiti. Mkikigusa, wekeni tonge, kisha rudieni. Msipokigusa, acheni."

"Umesema, tumesikia. Hukusema, hatukusikia."

"Najua," Ngiri akasema.

Tonge, mate, gusa, weka. Tonge, mate, gusa, weka. Tuta likapanda. Kijiti kikabaki robo. Kikabaki ncha. Tonge, mate, gusa...

Kimya.

Mchwa wakageuka, safu nzima, wakarudi kichuguuni. Tuta lilikuwa limekaa mbele ya mlango, kimo cha goti, na juu yake pana nafasi ya ngiri kupita.

Lilikauka siku hiyo kwa upepo tu. Kesho yake mvua ikanyesha. Haikudondoka, ilimwagwa. Shimo lilikuwa nusu, watoto walibanana, kitinda mimba akilalamika kuwa sikio lake linakaliwa. Ngiri alikuwa mlangoni, meno nje. Aliyaona maji yakishuka mteremkoni, mekundu, yamebeba majani na vijiti. Yakaja. Yakagonga tuta. Gubu! Yakapanda kidogo, yakasita, yakageukia pembeni, yakaenda zao.

Ngiri akahesabu nyuma yake. Mmoja, wawili, watatu. Akayatazama maji, akahesabu tena. Watatu.

Mvua ilipopumzika, kumbikumbi wakaruka, na Hondohondo akawa hana nafasi, anakula. Ngiri akamngoja amalize.

"Nina la kubeba."

"Shimo limefanyaje tena?"

"Halijafanya kitu. Nenda uwaambie: Imefanya kazi. Agizo zima ni hili, mwenye shida kama yangu alichukue." Akalitaja neno kwa neno, na kijiti chake na kimo chake. "Na useme, lile la kwanza nililiokota kwa Nguchiro, sikumwuliza lilikuwa la nini. Jana nimemwuliza. Alikuwa anafukia shimo la nyoka."

Jabali zima lilicheka siku hiyo, na Hondohondo akamweleza Ngiri kuwa ni kicheko cha wema. Nungunungu akarudisha neno moja refu kuliko kawaida yake:

"Miaka yote hii najibu maswali hapa. Waliorudi kusema imefanya kazi ni wawili tu, wewe na Kobe. Na Kobe bado yuko njiani."

Kisha wakamgeukia Tumbili. Ngiri alikuwa ametuma na habari ya dari na sikio la mtoto. Tumbili akasema, "Jamani, ulikuwa utani!" Nungunungu akasimamisha miiba, chwara! Akamwambia, "Utani wako umeangukia sikio la mtoto. Kaa mbali na Jabali mpaka utakapokuwa na la maana." Ndiyo maana mpaka leo tumbili anakaa mitini, anapiga kelele na kuwatupia watu kokwa. La maana bado hajalipata.

Haikupita muda, Digidigi wa bondeni akamjia Hondohondo macho yamemtoka. Ngiri alikuwa karibu, akasikia.

"Beba hili! Nisaidieni! Mchwa wameharibu! Haraka, nakufa!"

Hondohondo akamtazama Ngiri. Ngiri alikuwa amechoka, mizizi haijachimbwa, na watoto walikuwa wanapigana. Angeweza kusema, "Wa kwangu wanafanya." Neno lilifika mpaka kwenye ulimi.

"Njoo hapa, mwanangu," akasema. "Punguza pumzi. Sina siku nzima, lakini nina muda wa mambo matatu. Ulitaka nini? Ulisema nini? Kimetokea nini? Na la pili ukaliseme umepiga magoti."

Ndiyo maana mpaka leo, ngiri akiukaribia udongo, hupiga magoti kwanza.

Sasa mafunzo yake, nayasema wazi asije mtu akajidai hakusikia. Leo mchwa wako ndani ya kompyuta, na Hondohondo yuko ndani ya simu. Wewe unayejifunza kuwaagiza, ukikwama jaribu kwanza. Kisha uwaulize wanaojua, ukikumbuka kwamba hawakuoni. Sema ulichotaka, sema ulichofanya neno kwa neno, sema kilichotokea. Usiseme ulichokusudia ukadhani ndicho ulichofanya. Agizo la kuokota uliza kwanza lilikuwa la nini. Ukisaidiwa, rudi useme, maana nyuma yako kuna mwingine mwenye shida hiyo hiyo. Na wewe unayejua, kama huna jibu, nyamaza. Usimpe mgeni jibu la mzaha, kwani dari itakayoanguka si yako.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyekuwa ameifunika simu aifunue, aandike swali lake upya, na mwingine aniletee maji ya kuoshea vyombo.